Ndevu nyeusi kwenye tangi la lita 126: shajara ya siku 77

Tangi la samaki na mimea liko Dar es Salaam, sebuleni, mita mbili kutoka dirisha linalotazama mashariki. Vipimo vyake ni sentimita 80 kwa 35 kwa 45. Likijazwa hadi ukingoni linachukua lita 126, lakini ukiondoa changarawe, gogo na nafasi ya juu, maji yenyewe ni lita 105. Hesabu zote za dawa na mbolea humu ndani zinatumia 105. Ukipimia 126 umeshazidisha dozi kwa asilimia 20 kabla hujafungua chupa.

Mimea: vallisneria ukuta mzima wa nyuma, anubias na fern ya Java zimefungwa kwa uzi kwenye gogo, kriptokorine mbele, higrofila pembeni kulia. Samaki ni gapi 14 na plati 6. Chujio ni la nje, lita 600 kwa saa. Taa ni LED ya wati 30, inawashwa na taima ya diski kwa saa 10. Gesi ya CO2 (kaboni dioksaidi) ya kulisha mimea inatoka kwenye chupa ya lita 2 yenye hamira na sukari. Joto la maji ni nyuzi 29 hadi 30 bila hita.

Tatizo: mwani wa vishungi vyeusi kwenye kingo za majani ya anubias, kwenye mdomo wa bomba la chujio na upande wa juu wa gogo. Urefu ni milimita 5 hadi 8, na ukivuta kwa vidole having'oki.

Siku ya 1

Kabla ya dawa yoyote, jua ni mwani gani. Dawa ya mmoja ni chakula cha mwingine. Jani moja la anubias limekatwa na kishungi chake kimewekwa kwenye kikombe chenye spiriti ya kusafishia vidonda. Baada ya usiku mmoja spiriti imegeuka kijani hafifu, na kishungi kilichokuwa cheusi kimekuwa chekundu kama divai iliyomwagiwa maji. Hilo linatosha. Ndevu nyeusi ni mwani mwekundu kwa ukoo, jenasi Audouinella. Klorofili yake inayeyuka kwenye spiriti, ila rangi yake nyekundu haiyeyuki, ndiyo maana inabaki ikionekana. Mwani wa nywele wa kijani ungepauka tu.

Kipimo hiki ni cha bei ya kikombe cha spiriti, na kinaokoa wiki nzima za kubahatisha.

Siku ya 3

Vipimo vya maji: KH (ugumu wa kaboneti) digrii 6, naitreti miligramu 5 kwa lita, fosfeti karibu 0.5 (hizi mbili ni chakula cha mimea na mwani). Hakuna cha kutisha hapo. Tulichokuwa tunakitafuta kimejitokeza kwenye pH, kipimo cha asidi ya maji.

Kiasi cha CO2 majini hukadiriwa kwa KH na pH: zidisha KH mara 3, kisha zidisha kwa 10 iliyopandishwa kwa (7 kutoa pH). Chupa ya hamira ilipokuwa na siku mbili, pH ilikuwa 6.9, yaani CO2 karibu miligramu 23 kwa lita. Chupa hiyohiyo ikiwa na siku 12, pH ilikuwa 7.5, yaani chini ya miligramu 6. (Gogo linalotoa rangi ya chai linaongeza asidi nyingine, kwa hiyo hesabu inazidisha kidogo. Kwa kulinganisha siku na siku, inafaa.)

Kutoka 23 hadi 6 ndani ya siku kumi ndiyo hali ambayo ndevu nyeusi wanaipenda. Mmea hujipanga upya kila CO2 inapobadilika, na kazi hiyo huuchukua siku kadhaa. Mwani huu haungojei. Unashika kingo za majani yaliyozeeka, yale ambayo mmea umeacha kuyashughulikia.

Mchanganyiko wa chupa ulikuwa sukari gramu 200, maji lita 1.2 na hamira robo kijiko cha chai. Kwenye nchi ya baridi mchanganyiko huu hutoa gesi taratibu. Kwenye joto la nyuzi 30 hamira hukimbia siku nne tano za mwanzo, kisha pombe inayotengenezwa ndani ya chupa inaielemea. Kupunguza hamira kunasaidia kidogo tu, kwa sababu joto linabaki palepale.

Siku ya 6

Leo ndiyo siku iliyofungua kesi. Saa ya ukutani ilisoma saa 11:30 jioni, taa ikawaka. Diski ya taima ilikuwa inaonyesha saa 5 asubuhi.

Taima ya diski, ile yenye vijino 96 vya dakika 15 kila kimoja, inazungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika, diski inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoishia, haijui muda umepita. Kukatika kwa saa moja juzi, saa mbili jana na nyingine usiku wa manane kulikuwa kumejumlika kuwa saa sita na nusu. Taa iliyopangwa iwake saa 5 asubuhi na kuzima saa 3 usiku ilikuwa inawaka saa 11:30 jioni na kuzima saa 9:30 usiku. Mchana mzima mwanga wa dirisha unaingia tangu saa 12:30 asubuhi, na kati ya saa 1 na saa 2:30 jua linapiga kioo cha upande moja kwa moja. Jumla ni saa 21 za mwanga kwa siku, ingawa taima "imepangwa saa 10".

Yeyote mwenye taima ya diski mahali ambapo umeme hukatika aende akailinganishe na saa yake sasa hivi. Watu hubadilisha mbolea, hubadilisha samaki, humwaga dawa, na kumbe diski iko nyuma tangu mwezi uliopita.

Siku ya 8

Mabadiliko manne, yote siku moja.

Taima ya diski imeondolewa. Mpya ni ya kidijitali yenye betri ndani, inayoendelea kuhesabu saa umeme usipokuwepo. Imepangwa saa 8 mchana hadi saa 3 usiku, saa 7. Pazia zito limewekwa dirishani hadi saa 3 asubuhi. Taa imeinuliwa sentimita 15 juu ya mahali pake pa zamani.

La nne ndilo lililojadiliwa sana: chupa ya hamira imetolewa kabisa. Njia nyingine ingekuwa chupa mbili zinazopishana wiki moja, ili moja ikichoka nyingine iwe imechangamka. Inafanya kazi, lakini inadai mtu asiyesahau, na hamira haizimwi usiku. Usiku mimea nayo inatoa CO2, maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, na alfajiri samaki wanakutwa juu wakihema. Kwa taa hii na mimea hii, CO2 kidogo isiyobadilika ni bora kuliko nyingi inayoyumba. Vallisneria hujipatia kaboni kutoka kwenye baikaboneti ya maji, na anubias hukua polepole hata ukiipa nini.

Angalia mpangilio: mwanga umepunguzwa kwanza, gesi imeondolewa baadaye. Ukiondoa gesi huku taa inawaka vilevile, mimea inakosa kaboni mbele ya mwanga mkali, na hapo mwani hushinda.

Siku ya 12

Awamu ya kwanza ya haidrojeni peroksaidi. Dukani kuna chupa za asilimia 3 na za asilimia 6, zinazofanana kwa sura. Soma kibandiko: asilimia 3 mara nyingine huandikwa "ujazo 10", asilimia 6 "ujazo 20". Kipimo cha juu tunachokubali ni mililita 0.4 za asilimia 3 kwa kila lita ya tangi, mara moja kwa siku. Kwa lita 105 ni mililita 42, tumetumia 40. Kwa asilimia 6 ni nusu yake, mililita 20, na kwa kuwa ni kali, ichanganywe kwanza na maji kiasi kilekile.

Peroksaidi iliyokaa wazi au juani hugeuka maji matupu. Ijaribu kwa kipande cha kiazi mbichi: dondosha tone moja juu ya sehemu iliyokatwa. Nzima inatoa povu jeupe papo hapo, viputo vidogo vidogo vikifunika kata yote. Iliyokufa inabaki kama tone la maji. Chupa ya kwanza tuliyofungua haikutoa povu.

Utaratibu: majani ya anubias yaliyofunikwa zaidi ya nusu yamekatwa pamoja na kikonyo chake, yakiwa 5 kati ya 19. Usizidi theluthi moja kwa mara moja. Usisugue vishungi kwa mswaki ndani ya maji, maana vipande vinavyotawanyika vinaenda kushika kwingine. Chujio limezimwa na maji yameachwa yatulie dakika mbili. Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, limeshushwa hadi sentimita moja juu ya kishungi na kusukumwa taratibu, mililita 2 au 3 kila mahali, theluthi ya kushoto ya tangi pekee. Ndani ya nusu dakika kila kishungi kimevaa shanga za viputo. Chujio limewashwa tena baada ya dakika 12. Usiliache limezimwa zaidi ya robo saa, kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya bakteria wa chujio.

Jihadhari na vallisneria: majani yake membamba huungua yakipigwa moja kwa moja, na mimea ya moss vilevile. Elekeza sindano mbali nayo.

Kuna watakaouliza kuhusu "kaboni ya maji" ya chupa. Kiambato chake kinachofanya kazi ni glutaraldehaidi, dawa ya kuulia vijidudu, na inaua ndevu nyeusi kweli. Inaua vallisneria pia, na mvuke wake si wa kuvutwa. Kwenye tangi ambalo ukuta mzima wa nyuma ni vallisneria, hatuigusi.

Siku ya 15

Theluthi ya kushoto: vishungi vimetoka weusi kuwa kijivu, vingine waridi. Waridi ndiyo rangi ya kufa. Gapi wawili wanaonekana wakidonoa vile vilivyolegea, jambo ambalo hawakufanya vikiwa vizima. Asilimia 50 ya maji imebadilishwa, na uchafu wa sakafuni umefyonzwa kwa mpira. Hatua hii ni lazima. Mwani uliokufa ukiachwa unaoza na kurudisha majini chakula kilekile.

Maji ya bomba yamekaa saa 24 kwenye ndoo yakiwa na jiwe la hewa (la kutoa viputo) ili klorini itoke.

Siku ya 16 na ya 20

Theluthi ya kati, kisha ya kulia. Kipimo kilekile, mililita 40 kila mara. Samaki mmoja wa plati alihema haraka kwa saa moja siku ya 20. Chanzo: sindano ilisukumwa karibu na mahali alipojificha nyuma ya gogo. Wafukuze samaki kwa mkono kabla ya kusukuma.

Siku ya 24

Mabomba ya chujio. Ndani yake ndiyo ngome, kwa sababu mkondo ni mkali na hakuna anayeona. Yamefunguliwa, yakalowekwa dakika 30 kwenye sehemu 1 ya jiki isiyo na manukato kwa sehemu 10 za maji, yakasuguliwa kwa brashi ndefu, yakasuuzwa mara tatu, yakaachwa yakauke usiku mzima hadi harufu imeisha. Jiki haikutani na peroksaidi wala siki hata siku moja. Sponji za chujio hazikuguswa na jiki. Zimekamuliwa kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Kuhusu chujio la nje na umeme kukatika: likisimama saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu huo wote unasukumwa kwenye tangi kwa pigo moja. Likizidi saa nne, lichomoe kabla umeme haujarudi, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri inawasaidia samaki, ila chujio haitalisaidia.

Siku ya 33

Ndevu zilizobaki ni kwenye gogo tu. Wakati wa kubadilisha maji, kiwango kimeshushwa hadi gogo likawa nje, peroksaidi ya asilimia 3 ikapakwa kwa brashi ya rangi, dakika 4, kisha maji yakarudishwa. Majani ya anubias yamenyunyiziwa maji muda wote yasikauke.

Siku ya 41

Adui mpya. Utando wa kijani kibichi chenye ubuluu umelala juu ya changarawe mbele na kupanda kwenye kriptokorine. Ukiuinua kwa kijiti unabanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kipande kizima, na una harufu nzito ya udongo uliooza. Huyu si mwani hata kidogo, ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea.

Kipimo cha naitreti hakikugeuka rangi: sifuri. Mambo yameungana. Vallisneria imepata mwanga wa uhakika na inakua, samaki ni wachache, maji yanabadilishwa nusu kila wiki, na hakuna mbolea inayoingia. Tumesafisha tangi hadi mimea ikakosa chakula. Sianobakteria hustawi naitrojeni inapokuwa haba na mkondo ukiwa dhaifu, na mbele chini mkondo ulikuwa dhaifu kweli: kriptokorine zimekuwa kichaka.

Wengi hukimbilia vidonge vya erithromaisini. Vinafanya kazi. Lakini hiyo ni dawa ya watu, na kuimwaga kwenye tangi na kisha kwenye mtaro ni kuwafundisha bakteria kuishinda. Njia ya giza inatosha.

Siku ya 42 hadi 45

Utando umefyonzwa kwa mpira mwembamba, asilimia 50 ya maji imebadilishwa, na tangi limefunikwa blanketi nene pande zote kwa siku tatu kamili. Samaki hawakulishwa. Jiwe la hewa limefanya kazi saa 24, maana gizani mimea inatumia oksijeni bila kutengeneza. Usichungulie, mwanga wa dakika kumi kila siku unaharibu kazi. Siku ya 45 blanketi limetolewa, mabaki ya kahawia yamefyonzwa, nusu nyingine ya maji imebadilishwa. Higrofila imeangusha majani ya chini. Vallisneria na anubias hazikuonyesha dalili yoyote.

Mdomo wa bomba la chujio umegeuzwa uelekee kioo cha mbele, na theluthi ya kriptokorine imepunguzwa.

Siku ya 46

Mbolea. Duka la pembejeo za kilimo lina kila kitu kinachohitajika, ukijua namba za mfuko (naitrojeni-fosforasi-potasiamu). Potasiamu naitreti ni 13-0-46. Potasiamu fosfeti ni 0-52-34. Mfuko wowote ulioandikwa 46-0-0 ni urea. Usiingie kwenye tangi, na mbolea za DAP na CAN vilevile, kwa sababu zinaleta amonia inayoua samaki na kuyageuza maji yawe kijani kama supu ya mchicha.

Chupa A: gramu 43 za potasiamu naitreti, ongeza maji hadi mililita 250. Chupa inapoa mkononi unapotikisa. Ni kawaida, chumvi hii inafyonza joto ikiyeyuka. Mililita 10 zinapandisha naitreti kwa miligramu 10 kwa lita kwenye lita 105. Chupa B: gramu 3.75 za potasiamu fosfeti, maji hadi mililita 250. Mililita 10 zinapandisha fosfeti kwa miligramu 1. Mbolea ya chuma isikae kwenye chupa moja na fosfeti, zinagandana na kuzama chini kama chokaa.

Ratiba: baada ya kubadilisha maji mililita 10 za A na 5 za B, siku ya nne mililita 5 za A.

Siku ya 55

Konokono watano wa aina ya Neritina natalensis, wenye mistari, wanaoishi kwenye mikoko na midomo ya mito ya pwani yetu. Wanakula ukoga wa kahawia na madoa ya kijani kwenye kioo. Ndevu nyeusi hawagusi. Wamezoeshwa kwa matone kwa saa mbili kutoka maji yao yenye chumvi kidogo. Hawazaani kwenye maji yasiyo na chumvi, ingawa mayai meupe kama ufuta yatabaki kwenye gogo. Tangi liwe na kifuniko, wanapanda nje.

Konokono wa ziwani, wa mtoni au wa bwawa wasiingie, wala mimea iliyochumwa huko bila kukaguliwa jani kwa jani. Bulinus na Biomphalaria ndio wanaobeba kichocho, na mikono itakuwa ndani ya maji haya kila wiki.

Siku ya 63

Madoa madogo ya kijani kwenye kioo, magumu. Wembe umeyatoa kwa dakika tano. Chupa B imepandishwa kutoka mililita 5 hadi 8, kwa kuwa madoa haya huja mara nyingi fosfeti ikiwa chini.

Siku ya 77

pH asubuhi 7.8, jioni 7.8: CO2 karibu miligramu 3, haijayumba kwa wiki tano. Naitreti 10, fosfeti 1. Anubias ina majani 6 mapya tangu siku ya 8, yote safi hadi ukingoni. Kishungi kimoja hai kimeonekana nyuma ya mdomo wa bomba, milimita 2. Kitapakwa peroksaidi Jumamosi maji yakishushwa. Umeme ulikatika mara nne wiki hii. Taima na saa ya ukutani bado zinasoma sawa.